Supu ya Baba Isiyo na Pakiti

Kitengela,
Jumatano

Mpendwa dada Naeku,

Supa, nakusalimu. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Illasit, wewe, shemeji Timothy na watoto, na kwamba vitunguu vimepata mvua. Sisi tuko, Mungu anatusaidia. Baba alitoka hospitalini Kajiado juzi. Miguu imepungua kuvimba, ila bado pumzi inamsumbua.

Najua utashangaa kupata barua na simu iko. Kwa simu ningeanza vizuri, kisha nigeukie habari za mbuzi. Nivumilie usome mpaka mwisho.

Unakumbuka daktari alivyotuambia mwezi wa tano: presha imeanza kugusa figo, chumvi ikome, na vile viungo vya pakiti vya kutia kwenye supu visiingie nyumbani, kwa maana karibu vyote ni chumvi. Ulinieleza jinsi ya kupika, nami nikafuata. Kalekye, msichana wetu wa kazi, alikuwa anachukua mifupa ya goti kwa buchari asubuhi, tunaichemsha saa nne nzima na vitunguu vyako, karoti, mashina ya dhania na tangawizi, tukiengua povu. Ilitoka nzuri, Naeku. Ikipoa ilikuwa inaganda yenyewe.

Baba hakuitaka. Tangu Yeyo, mama yetu, afariki alikuwa amezoea supu ya hoteli za Oltepesi, na ya kwetu akaiita maji ya kuoshea vyombo. Kufika wiki ya tatu alikuwa anageukia ukuta, na shuka lilianza kumzidi mwili. Kalekye alimkamulia ndimu, akamwimbia nyimbo za Kikamba mpaka akacheka, lakini bakuli lilirudi limejaa.

Halafu akaanza kula. Nilikuambia kwamba sasa amezoea, ukamshukuru Mungu. Alikuwa anamaliza bakuli na kuomba lingine, na anatusimulia alivyohamisha ng'ombe mwaka wa ukame. Nilifurahi sana. Kisha viatu vikakataa kumwingia, na Jumapili ile asubuhi hakuweza kumaliza hata sala fupi bila kutweta, tukamkimbiza hospitali.

Ulipokuja, uliingia jikoni ukakuta pakiti nyuma ya debe la unga. Ukamwuliza Kalekye, akasema hazijui. Ukamwambia mtu anayedanganya juu ya uhai wa mzee hawezi kukaa nyumba hii. Alinitazama mara moja tu, kisha akaenda kufunga nguo zake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi, na sikusema kitu.

Dada, ni mimi. Nilizinunua Kisaju, mahali ambapo hakuna mwenye duka anayenijua. Kalekye akitoka kuanika nguo, nilikuwa natia kiungo kwenye bakuli la Baba na kukoroga. Maneno ya daktari niliyajua. Nilishindwa tu kumwona akikonda mbele yangu.

Jana nilimwambia Baba. Akasema, "Nilijua. Ulimi wangu haujafa. Nilinyamaza kwa sababu ningesema ungeacha." Halafu akauliza Kalekye yuko wapi, maana hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilipomweleza alijifunika uso na shuka. Alisema amezeeka vibaya, ikiwa mtoto wa watu amefukuzwa kwa ajili ya tumbo lake.

Leo amekunywa ile supu yetu ya mifupa, yote, bila kuniangalia.

Kesho naenda kwao Kalekye, Konza, nimwombe msamaha mbele ya mama yake. Akikataa kurudi, yuko na haki. Lakini naomba na wewe umpigie. Kosa ni langu, ila maneno yale aliyasikia kutoka kinywani mwako.

Wasalimie shemeji na watoto. Ukikasirika, nitaelewa. Usininyamazie tu.

Mdogo wako,
Soipan