Taa ya Siku Tisa

Dada yangu mpenzi, Kashoto wa baba,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na hao watoto wetu wawili. Mkubwa ameacha kunyonya kidole? Mwambie mama yake mdogo ameuliza. Sisi huku hatujambo. Mguu wa mama bado unamsumbua na anatembea kwa kushika ukuta, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Juzi alimfokea muuza maziwa mpaka maskini akaondoka bila chupa zake. Mimi nipo, cherehani ipo, na sare za shule zimenijaa mpaka kitandani.

Asante kwa kitambaa cha hariri ulichonitumia. Ni kizuri mno. Sijakikata bado, na ukifika mwisho wa barua utajua kwa nini.

Dada, wiki iliyopita mama aliniita chumbani kwake akaniambia kwamba Navaratri, zile siku tisa za kumwabudu Devi, mungu wetu wa kike, imebaki siku kumi na nne, na kwamba safari hii nisafishe mimi chumba cha sala. Nilidhani sikusikia vizuri. Unajua tangu mwaka ule sijaruhusiwa kugusa kitu mle ndani. Miaka kumi na moja mama amepanda shayiri kwenye sinia mwenyewe, amejaza maji chombo cha shaba mwenyewe, amepanga majani ya mwembe na kukalisha nazi juu yake, nami nimesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Hata siku ya tisa, wale wasichana wadogo wakija kuoshwa miguu na kutiwa alama nyekundu kwenye paji la uso, kazi yangu ni kuchemsha maji. Kuwamiminia ni kazi ya mama. Sasa mguu umemshinda, ndiyo maana akaniita.

Naomba ukumbuke pamoja nami mambo unayoyajua, maana nataka tuwe tunatazama kitu kimoja. Baba alikuwa amelala chumba cha pili na mapafu yake yamechoka. Daktari alikuwa ameshaacha kutuandikia dawa mpya. Mama akaweka nadhiri kwa Devi: taa ya samli iwake mbele ya sanamu yake siku zote tisa bila kuzimika, na nyumba nzima tufunge, tusile nafaka wala chumvi, tuishi kwa matunda na maziwa, ili baba ainuke. Utambi nilisokota mimi, mmoja wa siku tisa, mrefu kuliko mkono wangu. Wewe ulijaribu ukashindwa, unakumbuka? Mkono wako wa kushoto uliizungusha pamba kinyume, mama akaifumua, na baba akacheka kule kitandani mpaka akakohoa, akasema Kashoto hata ukimpa jua atalichomoza upande wa pili. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Tukagawana zamu. Wewe asubuhi hadi saa sita mchana, mimi saa sita hadi saa kumi, zilizobaki za mama. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mkekani, kuongeza samli, kuusukuma utambi kidogo kidogo kwa kijiti cha shaba, na kuomba. Nawe ulikuwa umebakiza wiki tano tu uolewe.

Siku ya saba ulinipisha mkekani saa sita kamili. Nywele zako zilikuwa mbichi na umeweka taulo begani. Uliniambia taa iko salama, ukaondoka haraka. Nilikaa nikafumba macho, nikaanza kutaja majina ya Devi moja moja kama tulivyofundishwa. Nilipofumbua, moto haupo, kuna kiuzi cha moshi tu. Mama aliingia akanikuta nimeikumbatia ile taa ya moto hivyo hivyo, mikono inaungua. Akaninyang'anya. Akaniuliza kama nililala, nikasema sikulala. Akaniuliza kama macho yalikuwa wazi, nikasema yalikuwa yamefumbwa. Kesi ikaishia hapo. Mtu mwenye njaa ya siku saba, tena amefumba macho, atamshawishi nani kwamba hakusinzia? Kufika jioni hata mimi nilikuwa sijiamini. Na wewe ulipoulizwa, uliweka kiganja juu ya majani machanga ya shayiri, ukaapa mbele ya Devi kwamba uliniachia taa inawaka.

Baba alifariki siku kumi na sita baadaye. Hakuna aliyeniambia kwamba nimemuua. Mama aliacha tu kula chakula cha mkono wangu. Kama hukuwa unalijua hilo, lijue leo: miaka kumi na moja ninaishi na mama nyumba moja, ninamfulia, ninamkata kucha, ninampaka dawa mguuni, lakini sahani nikimpelekea mimi, hugeuzia uso ukutani. Mama jirani ndiye anayempikia.

Nikajipa adhabu yangu. Kila Jumanne na kila Ijumaa nimefunga, na jioni nikifungua ni chakula kisicho na chumvi. Mwalimu wa hesabu alileta watu mara mbili kuniposa, nikamkataa mara zote mbili, kwa sababu nilijiambia nitaingiaje nyumba ya watu kuwasha taa yao na mikono hii. Aliniuliza kosa lake ni nini, nikarudi kwenye cherehani. Siku hizi nawashonea watoto wake kaptula. Wana miguu mirefu kama yake.

Nawe ulikuwa unanifariji. Kila Navaratri ilipokaribia barua yako ilifika, ukiniambia nisijilaumu, kwamba Devi ni mama na mama husamehe. Nilizihifadhi zote kwenye droo ya vifungo. Mwaka juzi niliugua homa nikamwomba mama jirani anisomee moja, tukalia wote wawili.

Basi niliingia chumba cha sala. Nilisugua taa kwa ukwaju na majivu mpaka nikaona uso wangu. Nilipanguza sanamu, nikabadilisha kitambaa cha kiti chake. Mama alikuwa amenielekeza kwamba nyuma ya kiti hicho kuna furushi dogo jekundu, nilipeleke mtoni nilitupe kwenye maji yanayokwenda, na nisilifungue. Nilitii, Dada. Nilifika hadi darajani, nimelishika mkononi, sina wazo lolote la kulifungua. Ila mimi ni fundi, na mkono wangu ukishika nguo hutafuta pindo wenyewe. Pindo lilikuwa langu. Kile kitambaa kilikuwa kipande kilichobaki kwenye blauzi yako ya harusi, ile niliyokushonea nikiwa bado na plasta kwenye viganja. Nikataka kuona kilibaki kiasi gani. Nikafungua.

Ndani kulikuwa na vipande viwili vya utambi. Kimoja ni changu. Kilikuwa kimebaki theluthi moja, kama inavyopaswa siku ya saba, na ncha yake imeungua. Lakini pamba yake ilikuwa imefumuka na kuwa ngumu ngumu, kama pamba inavyokuwa ikilowa maji halafu ikakauka. Cha pili kilikuwa kifupi, hakifiki hata kidole gumba, kimeungua mpaka mkiani. Nilikigeuza huku na huku juani. Kilikuwa kimesokotwa kinyume.

Nilikaa kwenye ukingo wa lile daraja, watu wananipita. Nikaona nywele zako mbichi. Nikaona ulivyoondoka kwenda kuoga katikati ya zamu, ukarudi, ukainama juu ya taa, maji yakachuruzika. Ukasokota kingine upesi upesi, kifupi, ukakiwasha, ukaniita nipokee. Ulijua hakifiki popote. Ulijua kitazimikia mikononi mwa nani. Na kiapo chako nimekikagua kama ninavyokagua mshono, sijaona uongo hata mmoja: kweli uliniachia taa inawaka. Ilikuwa imebakiza nusu saa tu.

Nililia pale bila kuona haya. Halafu nikatazama tena lile furushi nikajiuliza swali ambalo sikulipenda. Ni nani aliyevitia vile vipande viwili pamoja?

Nilirudi nyumbani nikaliweka furushi mapajani mwa mama, limefunguliwa. Hakukana. Alisema jioni ya siku ile ile alipokwenda kumwaga takataka za bafuni aliukuta utambi wangu umelowa, chini ya nywele zako ulizochana. Kile kifupi alikuwa ameshakitoa kwenye taa. Alisema yeye ndiye aliyetufundisha sote wawili kusokota, angeshindwaje kuujua mkono wa mwanawe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema wakwe zako walikuwa watu wa kuulizauliza, na bibi harusi aliyezima taa ya nadhiri wangemrudisha hata kabla ya kumchukua. Mimi, akasema, sikuwa na mtu aliyenisubiri. Nina cherehani, nitaishi. Alikusudia kuniambia harusi ikipita, lakini baba akafa kabla. Halafu ukawa na mimba, akaogopa kukushtua. Halafu miaka ikaenda, na kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kuanza.

Nikamuuliza, basi chakula changu kilikosa nini, kama alijua mikono yangu ni safi. Akasema kila nilipomletea sahani aliona aibu, akageukia ukuta asinitazame usoni.

Dada, hilo ndilo lililonimaliza. Miaka yote nilidhani ananiona najisi, kumbe alikuwa anajionea haya yeye, na njaa nikaila mimi. Wewe nakukasirikia, na nakuambia waziwazi kwamba nakukasirikia sana. Ulikuwa na miaka ishirini na mbili, uliogopa, hilo naweza kulielewa siku moja. Barua zako za kunifariji ndizo nisizoelewa. Nimezitoa kwenye droo ya vifungo nikazichoma moja moja jikoni, na maji ya chai yakachemka vizuri tu.

Sijui kama unajua kwamba mama alijua. Nadhani hujui. Nadhani umekuwa ukimwogopa miaka kumi na moja, naye akikuficha miaka hiyo hiyo, na hakuna kati yenu aliyepata nafasi ya kunikumbuka mimi.

Ijumaa iliyofuata sikufunga. Nilipika wali na mchuzi, nikatia chumvi, nikaonja, nikaongeza nyingine. Nilikula sahani mbili mbele ya mama. Aliponyoosha mkono na kuniomba kidogo, nilimpakulia, akala. Nilifikiri siku hiyo ikija nitafurahi. Nilimtazama tu akitafuna.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kazi mji mwingine, kiwanda cha kushona mashuka ya hospitali, na chumba wamenipa. Naondoka siku moja kabla ya Navaratri. Mama aliponiuliza ni nani atawasha taa, nilimjibu kwamba Kashoto atawasha. Kwa hiyo njoo. Ufunguo nimeuacha kwa mama jirani, ambaye nimemweleza kila kitu, kwa hiyo usihangaike kutafuta maneno. Dawa ya mguu hupakwa asubuhi na jioni. Shayiri iko kwenye kopo la bluu, irowekwe usiku mmoja kabla ya kupandwa. Samli mpya nimenunua. Utambi sikusokota mwaka huu. Pamba iko kabati la juu, sokota utakavyo, mama anaujua mkono wako.

Humu ndani ya bahasha nimekutilia kile kipande kifupi, kwa kuwa ni chako. Changu nimebaki nacho. Mtoni sikutupa kitu.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na yule mdogo mwambie gauni lake la hariri linakuja. Kitambaa chako kinamtosha yeye vizuri kuliko mimi. Nakutakia mfungo mwema na safari salama.

Ni mimi mdogo wako, ambaye siku ile sikulala,

Sindano