Majambazi Arubaini Walionipandisha Kitanda cha Juu

Al Quoz, Dubai

Kwa mwanangu Athumani,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako na hicho kifua chake. Kimepoa au bado? Mimi ami yako ni wa chuma. Jua la huku likiniona hupita njia nyingine. Ila nimetendwa, mwanangu, na afadhali uyasikie kwangu.

Unaikumbuka hadithi niliyokuwa nikikupa utotoni, ya kauboi aliyewamaliza majambazi arubaini peke yake? Basi ile tamthilia yake ya zamani inaoneshwa huku kila Ijumaa mchana. Chumbani tuko wanane, na walinzi wa zamu ya usiku huwa wamelala saa hiyo, kwa hivyo runinga haifunguliwi sauti. Maneno natia mimi, kwa kunong'ona. Hata Wapakistani wa chumba cha pili huja kunisikiliza, na Kiswahili hawakijui!

Ijumaa moja jina la kipande likatokea, nikaruka. Ndilo lile lililoandikwa kwa chaki mlangoni pa ukumbi wa video Majengo, enzi zetu. Nikasema, "Leo mtaona vita."

Wekesa, kijana wa Bungoma mwenye mdomo kama wembe, akanijibu kutoka kitanda cha juu, "Mzee, wewe ni muongo. Weka kitu."

Goti langu unalijua. Kitanda cha chini ndiyo afya yangu. Nikasema, "Bastola isipotoa moshi, kitanda changu chukua."

Mwanangu, yule kauboi alikaa jikoni kwa mjane akimenya viazi. Viazi! Nikanong'ona, "Anawavuta wasogee." Akaosha sahani. "Huo ndio ujanja wake." Akatoka, akakamua ng'ombe.

"Mzee, hao arubaini ndio ng'ombe?" Wekesa akauliza.

Mwisho akampapasa farasi wake, akaenda zake. Bastola haikutoka alani. Picha ya kipuuzi, hata bibi harusi hafungiwi jikoni namna ile.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku ile Majengo tuliokosa kiingilio tulikaa nyuma ya ukuta, tukimsikiliza mtarjumi akipiga kelele ndani: "Wale wanakuja! Arubaini! Piga!" Majambazi wote walikuwa kinywani mwake. Waliokuwa ndani walikuwa wakiangua kicheko, nami kule nje nikidhani wanashangilia.

"Khalas, mzee. Panda," akasema Wekesa.

"Goti, mwanangu."

"Goti halikuwa kwenye maneno yetu."

Taa zikawashwa. Hata wa zamu ya usiku waliamka kutazama. Nikashika ngazi, nikateleza, nikaangukia kiatu cha mtu.

"Jambazi wa kwanza chini!" Wekesa akapaza sauti. Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi kwa shuka langu mimi. Kisha Wekesa akanyoosha miguu kwenye godoro langu, akaniagiza nizime taa kabla sijapanda tena.

Ijumaa iliyofuata vita vikaja kweli. Farasi, moshi, watu wanaanguka, na sauti hakuna. Mwanamke akamlilia maiti mmoja. Wekesa akainua macho.

"Ami," akasema. Siku hiyo nilikuwa ami! "Huyu analia nini? Tia maneno basi."

Mimi nilijua analia nini. Nikageukia ukuta.

Wakabaki kutazama midomo ikicheza. Wapakistani wakaondoka. Wekesa akasimama, akakishika kitanda changu cha juu, sauti imelainika: "Ami, shuka. Chukua kitanda chako, utuambie."

Goti lilikuwa linawaka moto, Athumani. Nikamwambia, "Lala, baba. Huku juu kuna hewa."

Nisalimie mama yako, na shangazi yako wa mahamri, na mkeo ambaye bado sijamtia machoni. Wajukuu uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi ami yako, ambaye hajashushwa na mtu,
Bakari