Tezi Iliyofanya Niitwe Gunia

Chumba cha ushonaji,
Ghorofa ya pili.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto wazima? Huku tunaendelea vizuri, ila leo nina kinyongo, na sehemu yake ni juu yako.

Uliniambia kwenye simu, "Punguza mdomo, tembea." Nilipunguza. Nikawa nakula nusu sahani, na kila asubuhi nazunguka uwanja wa shule mpaka viatu vikaisha soli. Nikijipima kiuno kwa tepu ninayopimia wateja, kinazidi tu.

Daktari aliandika presha, sukari inayopanda na mafuta mengi kwenye damu. Nikamwambia nasikia baridi wakati wenzangu wanajipepea, nywele zinabaki kwenye kitana, na nikipanda ngazi kifua kinabana. Hakuinua hata kichwa. "Mama, kula kidogo." Mara tatu nilikwenda, Kaka, jibu ni hilo hilo! Mume wangu naye akaanza kuniita Gunia. Nilikuwa nacheka mbele yake, kisha naenda kulia nyuma ya pazia wanapojaribia wateja nguo.

Mwezi uliopita nilisinzia kwenye cherehani, sindano ikanitoboa kidole. Muuguzi aliyenifunga bandeji ndiye aliyenipapasa shingo, akauliza, "Hii tezi ilishawahi kupimwa?" Haikuwahi.

Majibu yakaja: tezi imelegea, haifanyi kazi yake ipasavyo. Daktari mwingine alinieleza kwamba ikilegea hivyo, mafuta hujaa kwenye damu na mishipa hukosa ulaini wake. Yangu imeanza kukakamaa. Nameza kidonge kila asubuhi kabla ya kula, pengine maisha yangu yote. Presha na sukari bado napambana nazo, na kuhusu mishipa hakuniahidi kitu. Miaka miwili nimeteseka, Kaka, kwa kukosa kipimo cha kichupa kimoja cha damu!

Mume wangu ameniomba radhi. Wewe radhi yako iweke kwanza. Daktari anasema tatizo hili huweza kutembea kwenye ukoo, na wifi kanidokeza kwamba unavaa sweta ndani ya nyumba, unasinzia kabla chakula hakijaiva. Nenda kapimwe wiki hii. Wakikwambia upunguze kula, usinyanyuke kwenye kiti mpaka wakutoe damu.

Wasalimie wifi, watoto na Shangazi. Mungu akutunze mpaka nije kukugombeza ana kwa ana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikinuna,
Fundi