Anachokula Mama Tangu Atoke Ndanda

Kijiji cha Mnyambe,
Newala.
9 Julai 2024

Mpendwa Kaka Cuthbert,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Geita, wewe, wifi Nancy na watoto. Sisi hapa tunaendelea kwa neema ya Mungu. Baridi ya Julai imeingia kwa nguvu, ukungu hauondoki mpaka jua likolee, na mbaazi zimeanza kukauka shambani.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu ningelia nishindwe kumaliza. Mama amekatwa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Usishtuke sana, yuko nyumbani na anatembea kwa mkongojo. Alipokuwa wodini alinikataza kabisa kukuambia, akihofia utaacha kazi uje mbio.

Alijikwaa kwenye kisiki tulipokuwa tunapalilia mikorosho. Kidonda kikagoma kupona, kikaanza kunuka. Shemeji yako Godwin akampeleka hospitali ya Ndanda, na huko wakakuta kisukari kimepanda sana, tena cha muda mrefu. Daktari akamuuliza anakula nini. Mama akajibu kwa fahari, "Mwanangu yuko migodini, baba. Mimi nakula vya dukani." Akavitaja vyote: soda, juisi za pakiti, biskuti, tambi, maziwa matamu ya kopo. Daktari hakumkaripia. Alivuta kiti akaketi, akamweleza polepole kwamba hivyo ndivyo vinavyoula mguu wake.

Kaka, hapa hakuna anayekulaumu. Maboksi ya vyakula uliyokuwa ukimtumia tuliyapokea kwa shangwe, na wanangu walikula pamoja na bibi yao. Nani kati yetu alijua?

Ugumu ulianza tuliporudi nyumbani. Nilimpikia ugali wa mtama na kisamvu cha karanga, akaisukuma sahani. "Flora," akasema, "mimi nimelelewa kwa ming'oko, viazi vya kuchimba porini, kwa sababu hatukuwa na kitu. Nikalima mpaka mgongo ukapinda ili nisirudi kule. Leo wewe unanirudisha?" Nilitoka nje nikasimama tu. Ikawa anagusa chakula kidogo mno, anadhoofika, na kidonda hakifungi. Nilianza kuogopa kwamba tutarudi Ndanda wakate mguu wenyewe.

Aliyetusaidia ni jirani yetu Esha, mama yake Jafari, aliyekua pamoja na Mama. Alikuja mchana na sufuria ya ming'oko ya kuchemsha, chumvi na pilipili pembeni. Hakumbembeleza. Aliketi, akaanza kumenya na kula.

"Hicho ni chakula cha njaa," Mama akamwambia.

"Mimi sina njaa, Mama Cuthbert. Nimekula nyumbani kwangu nikashiba. Hii nimeifuata kwa utamu wake."

Mama akanyoosha mkono akachukua mmoja. Alikula machozi yanamtoka. Esha akaendelea kumenya na kumwekea mbele. Mimi nilijifanya napepeta kunde.

Tangu hapo anakula. Sote tunapika chungu kimoja: kunde, mbaazi, mlenda, njugu mawe, samaki tukipata. Chai tunakunywa bila sukari, ingawa Godwin bado anakunja uso. Daktari alionya kwamba hata vya shambani vina kiasi chake, hasa mihogo na ugali, na dawa haziachwi. Kidonda kimefunga. Jicho lake moja, kwa kisukari hichohicho, lina ukungu ambao hautaondoka, na kidole, ndiyo hivyo, hakioti tena. Kuna siku anakaa akiutazama ule mguu, nami namwacha.

Naomba usitume tena vile vya maboksi. Mwambie mwenyewe, kwa sauti yako, kwamba humnyimi. Kwangu ataona namwonea, kwako ataelewa. Ukitaka kumfurahisha, mtumie viatu vinavyofunika vidole, maana haruhusiwi tena kutembea peku.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike leo nisingoje. Daktari alisema ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Mimi nimepima, niko salama. Umebaki wewe. Naijua kazi yenu ya zamu, najua mnashindia soda na mkate. Kapime wiki hii, Kaka. Usingoje kidonda.

Godwin anakusalimu, na Esha pia. Wifi Nancy mpe salamu zangu nyingi, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mama anasema Mungu akufunike uingiapo na utokapo shimoni. Nilipomweleza nitakayokuandikia kuhusu kupima, aliichukua rozari yake, na mpaka sasa naandika hajaiweka chini.

Mdogo wako akupendaye daima,
Flora