Sakafu Nyekundu ya Shieywe

Mama,

Naandika na penseli, kalamu ya wino inanimwagikianga. Unajua shule yangu iliishia darasa la nne. Usicheke.

Ile sakafu nimevunja. Siku tatu na nyundo. Majirani wa hapa Shieywe wakauliza, "Luka, umeshikwa na wazimu? Simiti nzuri hivyo?" Nikawaambia mzungu aliacha hazina chini. Walicheka. Mimi, Mama, sikucheka.

Siku nilikutoa nyumbani Malava, Baba akabaki na ng'ombe, nilikuwa na kiburi! Chumba chako na mlango wako mwenyewe, maana mama halalangi kwa nyumba ya kijana ameoa. Simiti nyekundu, nta juu yake, mpaka unaona meno yako chini. Ukavua kiatu mlangoni, ukagusa na mguu. "Luka, hii haishiki mguu. Nipakie mavi ya ng'ombe kama nyumbani." Na mimi na mdomo wangu: "Mama, tumepata uhuru, hata ng'ombe sasa wanataka simiti!" Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Hukuniomba tena.

Kila Jumamosi nilikuwa napaka nta. Mimi, na hii mikono. Jumamosi ile nikapaka, nikaenda sokoni kuuza kuku, naimba. Kurudi, nikakuta mke wangu Rosa amekaa chini, kichwa chako kwa mapaja yake. Umeteleza, nyonga imevunjika. Hukusimama tena.

Kwa matanga watu walisema ni uzee tu. Nikanyamaza. Mimi, Mama! Kunyamaza!

Sasa Baba amebaki peke yake Malava, na magoti yamemkataa. Nikamwambia aje kwa chumba chako. Akasema, "Pale palimwangusha mama yenu? Silali." Ndio nikachukua nyundo.

Nimerudisha udongo. Kizingiti nimetoa. Kutoka kitandani mpaka mlangoni nimepigilia mti ukutani, wa kushika. Dirisha nimeshusha, mtu akikaa aone wanaopita. Wewe ulikuwa unalia, "Naona mawingu tu, kama kuku kwa kikapu." Nilidhani ni mzaha kama wangu.

Baba alikuja jana. Akavua viatu mlangoni, akagusa na mguu, kama wewe kabisa. Nilikuwa na neno la kumchekesha, nikaliacha, nikaweka viatu vyake kando. Akaingia, akafuata ule mti polepole mpaka dirishani, akakaa.

"Mama yako alikuomba sakafu hii?"

"Ndio, Baba."

Tangu hapo hajaniongelesha. Lakini leo asubuhi nimesikia akisalimia watu dirishani, akiwauliza habari za ng'ombe.

Sijui kama amenisamehe. Wewe pia sijui.

Lala, Mama. Rosa amenifundisha kupaka mavi ya ng'ombe. Ni kazi ya wanawake, lakini nitapaka kila Jumamosi, mimi mwenyewe, wanaume wa Shieywe wacheke mpaka wachoke. Na Baba akiniomba kitu mara moja, hiyo moja itatosha.

Ni mimi, Luka wako.