Fungu la Damu

Jumatano, tarehe 5, mwezi wa Sura

Leo wameniletea mwanafunzi. Rara Tilarsih, binti wa mtawala wa Segarawangi. Mji uliotuchomea maghala, nasi tukawachomea bandari. Sasa ataolewa na mfalme wetu ili vita viishe. Lakini kwanza lazima ale kiapo juu ya maji, kama kila anayeingia katika nyumba ya kifalme ya Karangwulan. Kazi yangu ni kumfundisha mafungu saba, neno kwa neno. Siku ya kiapo mimi hushika bakuli na kutamka, mwapaji hurudia.

Anaketi kama muuza samaki, magoti nje. Nilimwambia akunje miguu. Akajibu, "Eyang, nikiikunja tena nitahitaji watu wawili wa kunikunjua." Mbok Tumi, mtumishi wangu, akacheka hadi akamwaga kinywaji cha tangawizi. Sikucheka. Eyang! Nani kamwambia mimi ni bibi yake?

Alhamisi, 6 Sura

Lahaja ya pwani ni balaa. Anameza mwisho wa kila neno kana kwamba kuna mtu anayetaka kumnyang'anya. Hata hivyo ameshika mafungu manne kwa asubuhi moja. Wana wa nyumba hii huchukua mwezi. Sikumwambia, angeanza kutamba.

Jumamosi, 8 Sura

Fungu la tano: "Sina damu ninayoidai nyumba hii."

Nikatamka. Akakunjua miguu. Nikatamka tena.

"Hilo siwezi, Eyang."

"Ulimi hauwezi?"

"Ulimi unaweza. Kaka yangu alikatwa kichwa darajani akiwa ameshatupa silaha. Aliyetoa amri ni baba wa huyu mnayenioza. Halafu niseme sidai kitu?"

Nikamwambia ni maneno tu. Mimi! Mimi niliyewachapa vidole watoto wa wakubwa kwa kuthubutu kusema hivyo!

Akaniuliza kwa upole, "Na maji, nayo yanajua kwamba ni maneno tu?"

Hapo ndipo penye shida. Kwa maji hakuna "maneno tu". Yakichotwa kwenye chemchemi na kutumbukizwa kris, jambia la urithi, udanganyifu wowote juu ya bakuli huyageuza meusi kama rangi ya batiki. Nimeona mara moja tu, ningali na nywele nyeusi. Alikuwa msimamizi wa ghala la mpunga. Hakuiona jioni.

Fungu hili nimelitamka maisha yangu yote bila kulifikiria. Wenyeji wa hapa hawana damu ya kuidai nyumba hii, au wanayo na wameisahau. Huyu ni wa kwanza kutoka upande wa pili wa daraja. Hakuna aliyeliwaza hilo walipokuwa wakipanga harusi. Hakuna! Mapambo ya tembo wameyawaza.

Jumapili, 9 Sura

Nimemwuliza waziwazi kama anakusudia kumdhuru mfalme.

"Nilipopanda mashua, nilikusudia," akasema. "Sasa hapana. Juzi aliniletea tunda la doriani, akaketi upande mbaya wa upepo, harufu yote ikamrudia mwenyewe. Ni vigumu kumchukia mtu anayenuka doriani, Eyang. Nimejaribu."

Kwa hiyo hataki kisasi. Lakini deni la damu analo, na fungu linauliza deni, si nia. Nani alilitunga hivi? Mjinga gani?

Nimeandika "mjinga". Acha libaki.

Jumatatu, 10 Sura

Nimekwenda kwa Patih Wirasmara, waziri mkuu. Alipokuwa mtoto alikuwa mwanafunzi wangu. Nikamwomba fungu la tano liondolewe, kwa kiapo hiki kimoja tu.

Alikuwa akitafuna tambuu. Hakuacha. "Nyai Lugina, nani alinichapa vidole kwa kubadili neno moja la kiapo hiki?"

"Mimi."

"Ukasema nini?"

"Kwamba asiyeweza kukisema kilivyo, asikile."

"Basi." Akatema katika kopo la shaba, polepole, kama mtu aliyemaliza hesabu. Nikabaki nimesimama. Nikasema msichana atakufa na vita vitarudi. Ndipo akanitazama. "Mwanangu alikufa katika bandari yao, Nyai. Hakuna aliyempunguzia hata fungu moja."

Anajua! Anajua kwamba hawezi kulisema. Anangoja tu maji yawe meusi, mbele ya watu wote, pasipo yeye kunyanyua kidole.

Jumanne, 11 Sura

Siku nzima milangoni.

Mkuu wa ibada: "Mwulize Patih."

Mama wa mfalme alikuwa akioshwa nywele. Alinijibu kutoka nyuma ya pazia: "Nyai Lugina anaomba neno lipunguzwe? Basi na mlima wetu leo utaomba kukaa chini!" Wanawake wake wakaangua kicheko. Nikasimama pale nikinuka jasho, nikiwasikia wakiigiza sauti yangu. Wameniigiza vizuri, lazima nikiri. Matamshi safi.

Mfalme mwenyewe haonekani. Bwana harusi haonwi siku tatu za mwisho kabla ya kiapo, na ujumbe kwake hupitia kwa — kwa nani? Kwa Patih!

Mbok Tumi amenikanda miguu kwa mafuta ya nazi. "Nyai, ungekuwa mpole kidogo zamani, leo si ungekuwa na rafiki hata mmoja?" Nikamwambia akande, asihubiri. Akakanda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, 12 Sura

Nilimshauri msichana akimbie. Amekataa, akiendelea kumenya karanga. Mashua za kwao zimetia nanga chini mtoni, zimejaa wanaume "waliokuja harusini" na mikuki yao. Akiuawa, watapanda. Akikimbia, wetu watashuka. "Nitakimbilia wapi, Eyang, ambako hakuna mmoja kati ya hao?"

Nikamsahihisha namna anavyoketi.

Alhamisi, 13 Sura

Nimeamua. Nitaliruka.

Yeye hurudia ninachotamka mimi. Nikitoka la nne moja kwa moja hadi la sita, bila kuvuta pumzi, nani atagundua? Ukumbi mzima umekikariri kiapo. Kwa hiyo hakuna anayekisikiliza. Watafikiria chakula. Patih atakuwa akiyatazama maji, si kunisikiliza.

Sijamwambia msichana. Asichokijua hakitamtia hatiani. Lisilotamkwa si uongo — au siyo? Nimejiuliza tangu alasiri. Laiti ningekuwa na mtu wa kumwuliza. Lakini katika mambo ya kiapo watu huja kuniuliza mimi.

Adhabu ya kubadili kiapo iko wazi. Huwa naifundisha siku ya kwanza, ili watoto wanyamaze: kukatwa ulimi.

Mbok Tumi ameleta wali na tempe ya soya. Sijagusa.

Ijumaa, 14 Sura

Ijumaa Kliwon, Ijumaa takatifu kuliko zote, siku ya kiapo. Naandika nikiwa nimefungiwa katika stoo ya matandiko ya tembo. Inanuka vibaya. Niandike yote sawasawa, kwa mpangilio.

Upatu ulipigwa. Msichana aliketi vizuri, miguu imekunjwa, mgongo umenyooka. Fungu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Hakumeza hata neno moja. Hata moja! Mimi nimeshika bakuli chini ya kidevu changu, maji meupe, naona hadi chini.

Nikatamka la sita.

Na maji yakageuka. Yalianzia ukingoni, karibu na kidole gumba changu, yakaenea. Yeye alikuwa hajafungua kinywa.

Yalikuwa yakinijibu mimi.

Ningeweza kusema hapo hapo. Sikusema. Na yeye, mtoto mkaidi, niliyemfundisha vizuri kupita kiasi — hakurudia la sita. Aliinua uso akasema kwa lahaja yao, kwa sauti ya kuita mashua: "Nyumba hii naidai damu. Ya kaka yangu. Naidai, na nimeamua sitaichukua."

Kweli tupu. Lakini Patih alikuwa ameshasimama: "Maji! Tazameni maji!"

Wakatazama. Wakaona bakuli jeusi na msichana wa Segarawangi ambaye ametoka kutaja damu. Hakuna aliyejua kipi kilitangulia, isipokuwa aliyeshika bakuli. Wote wanaamini nililitamka la tano, naye akalipindua. Wamelisikia kwa mazoea.

Mfalme hakukubali auawe papo hapo. Alikuwa mweupe kama mchele. Akasema kwanza atamsikia mshika bakuli, adhuhuri, na hadi hapo nifungiwe.

Mbok Tumi amekuja dirishani, macho yamevimba. Ameleta salamu za Patih: Nyai alitamka vizuri, kama siku zote, ukumbi mzima ni shahidi. Aseme hivyo tu, arudi nyumbani kwake na heshima yake.

Wirasmara! Mtoto yule aliyekuwa akiwachongea wenzake kwangu kwa kila kosa dogo — leo anaapa kwamba nimetamka ambacho sikutamka!

"Na usipokubali?" Mbok Tumi ameniuliza. Kisha akasema, "Usinijibu. Nakujua." Ameondoka akilia kwa sauti, bila aibu, mbele ya walinzi.

Jibu langu la kwanza kwa mfalme lilikuwa refu. Lilianza na asili ya kiapo, na mwapaji wa kwanza, na chemchemi. Nimelifuta. La pili lilikuwa na udhuru ndani yake. Nimelifuta. Limebaki hili: Nililiruka fungu la tano. Maji yaligeuka kwa sababu yangu, kabla binti hajasema neno.

Nalitamka taratibu, nisimeze mwisho wa neno lolote. Ulimi bado unanitii.

Wanaondoa komeo. Mapema hivi? Jua bado halija—