Sauti ya Maman Wivine

Brussels, Jumapili jioni

Maman mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Papa na wote wa nyumbani. Mguu wa Papa unaendeleaje, au bado anajifanya hauumi? Na mvua, imeuacha ule ukuta wa nyuma umesimama? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, usingizi tu ndio unaonikimbia wiki hizi. Barua hii inakuja kwa mkono wa binamu yako Consolata, anayerudi Bukavu. Isomeni wewe na Papa peke yenu. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu siiamini tena, Maman, na mimi ndiye ninayekula kwa kazi ya sauti.

Unakumbuka nilikueleza kwamba kampuni yetu ni ndogo, watu watano katika chumba kimoja mtaa wa Forest. Tunatengeneza programu ya kompyuta. Unaipa sauti za watu wengi wanaosema kwa pamoja, nayo inazichambua kama unavyochambua maharage, hadi kila sauti inabaki peke yake. Nia ilikuwa kuwasaidia wasiosikia vizuri, waweze kumsikia mtu mmoja katikati ya kelele. Sasa kabla ya kuiuza lazima watu wa nje waijaribu kwanza, na patron, mkubwa wetu wa kazi, akanipa mimi kazi ya kuwatafuta. Nilizunguka hadi viatu vikalia. Wenye baa walikataa, mwenye ukumbi wa harusi alicheka, mwingine akaniuliza mimi ni polisi wa wapi. Hakuna aliyetaka kelele zake zirekodiwe.

Ndipo nikafikiria kanisa letu la Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, pale ghorofani juu ya saluni. Unajua tunavyoomba. Mchungaji akisema tuombe, kila mtu anafungua kinywa wakati uleule na kumwaga yake yote kwa sauti, maana hakuna anayemsikia mwenzake. Nani angenipa kelele nzuri kuliko hizo? Mchungaji alifurahi kuliko mimi.

«Bon, kama ni bure, leta tu ile mashini,» akasema. «Bandugu ku nyumbani batasikia mahubiri clair, safi kabisa.»

Akatia sahihi karatasi ya ruhusa kwa niaba ya kanisa zima. Waumini hakuwauliza, na mimi sikuwauliza. Nikafunga maikrofoni zangu ukutani, watu wakaomba kama kawaida yao.

Programu ilifaulu, Maman. Nilishangilia peke yangu mbele ya kompyuta. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mchungaji. Ya pili ya kijana anayeomba kazi. Ya tatu ilikuwa ya Maman Wivine, yule aliyenipokea mtaani Saint-Gilles nilipofika, akanilaza sebuleni kwake mwaka mzima na kunipikia sombe kama mwanawe. Alikuwa anamweleza Mungu habari za makaratasi yake na jina alilofika nalo hapa. Zaidi ya hapo sitaandika. Jua tu kwamba maneno yale yakifika ofisi ya wahamiaji atarudishwa kwetu, baada ya miaka yote hii, na wajukuu wake watabaki huku. Nilizima ile sauti. Niliona aibu, maana mtu mzima alikuwa anaongea na Mungu wake.

Nilitaka kuifuta, lakini patron alikuwa ameshachukua nakala. Kiswahili hajui hata neno moja. Kwake ilikuwa sauti iliyotoka safi kuliko zote, akaichagua hiyohiyo amsikilizishe mgeni aliyetaka kununua programu. Nikamwambia ni maombi ya watu. Akajibu kwamba mchungaji ametia sahihi. Nikajifariji kwamba katika chumba kile anayeelewa ni mimi tu.

Mgeni akaja, bwana mpole mwenye koti la kijivu. Alitaja jina lake la kwanza tu, wala hakusema anafanya kazi wapi. Juu ya wasiosikia hakuuliza hata swali moja. Alitaka kujua kanisa liko mtaa gani. Patron akamwambia. Kisha akaomba sauti ya Maman Wivine irudiwe, akaisikiliza akiwa amefumba macho, akaomba irudiwe tena. Nilipomsindikiza mlangoni alinipa mkono na kuniambia, kwa Kiswahili safi cha vitabuni: «Kazi nzuri, ndugu. Huyo mama anaomba vizuri sana.»

Maman, niliogopa. Hata sasa naogopa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Maman Wivine, nikamweleza yote. Alikuwa anakunja nguo za wajukuu, akaziacha.

«Mutoto, ile maneno niliambiaka Mungu. Sikukuambiaka weye.»

Nikamwomba msamaha, nikamsihi asiombe tena kwa sauti kanisani.

«Sasa nitaomba namna gani? Nikifunga kinywa, siombi, ninawaza tu,» akasema. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Leo asubuhi nimemkuta yule bwana kanisani, mstari wa mbele, kwenye kiti kizuri. Mchungaji anatabasamu: «Tuko na mugeni, bandugu! Tumupigie makofi!» Makofi yakapigwa. Simu ya mgeni ilikuwa juu ya goti lake, inarekodi. Nikamnong'oneza Maman Wivine kwamba ndiye. Mchungaji akasema tuombe, watu wakafungua vinywa. Maman Wivine alijiziba kwa kitambaa, akavumilia kidogo, kisha machozi yakamshinda, akaanza. Nikasogea hadi usoni pake nikaimba kwa nguvu zangu zote ili nimfunike. Watu walidhani Roho amenishukia. Lakini mimi nilijua ni bure. Ile programu tumeifundisha kwa sauti yangu tangu mwanzo, na sauti yangu ndiyo ambayo programu huiondoa haraka kuliko zote, ikabaki ya mwenzangu.

Kesho narudi kazini. Sijui nitakuta nini. Nisalimie Papa, dada yangu mkubwa na mume wake, mama mdogo wa Kadutu, na shangazi anayelalamika kwamba simwandikii. Najua mtatuombea. Ila nakusihi, Maman, jina la huyu mama usilitamke hata huko, hata mkiwa wengi mnaomba pamoja. Mwombee kimoyomoyo.

Ni mimi mwanao,
Murhula